Kazi ya Ubunifu Nje ya Nchi: Mwongozo kwa Dizaina wa Dar es Salaam

Dizaina wa Dar anayetaka kazi nje kwa kawaida huanza na nchi. Anataka Canada, anataka Dubai, anataka Ujerumani kwa sababu kuna ndugu yake huko. Halafu anajibu kila tangazo analokutana nalo kwa sivii ileile, majibu hayaji, na anaanza kuamini kwamba kazi zake ni mbovu. Mara nyingi kazi zake hazina shida. Kampuni aliyoiandikia haina ruhusa ya kuajiri mgeni, au haioni sababu ya kuhangaika na kibali wakati kuna mtu wa mtaa wa pili anayefanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo tafuta kwanza mwajiri anayeruhusiwa kisheria kukuchukua, kisha mwoneshe kazi inayofanana na anayoifanya yeye. Mengine yote katika mwongozo huu yanafuata hapo.

Kibali kwanza, nchi baadaye

Nchi nyingi zina orodha ya fani zenye upungufu, na humo utakuta wauguzi, wahandisi na mafundi umeme. Dizaina wa michoro, wa mavazi au wa mapambo ya ndani ni nadra kuonekana. Hutapata upendeleo wa fani, basi itabidi uingie kwa mshahara, kwa alama, kwa shahada au kwa sifa ya kazi zako, na kila nchi ina kipimo chake.

Uholanzi hupima mshahara. Kampuni iliyotambuliwa na idara yao ya uhamiaji, IND, inaweza kumleta mgeni bila kuthibitisha kwamba imekosa mtu wa Ulaya, mradi imlipe kiwango kilichowekwa. Mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa euro 4,171 kwa mwezi kwa aliye chini ya miaka 30, na euro 5,688 kwa aliyetimiza 30 na kuendelea, kabla ya kodi na bila kuhesabu posho ya likizo. Viwango hupandishwa kila Januari. Dizaina mwenye miaka 28 bado anaweza kuajiriwa kwa mshahara wa mtu wa kati, lakini akivuka 30 lazima alipwe kama dizaina mwandamizi. Kama Uholanzi ndiyo unayoitaka na umri unakaribia hapo, ianze mapema kuliko nchi nyingine. Orodha ya kampuni zilizotambuliwa iko wazi kwenye tovuti ya IND.

Uingereza hupima mshahara pamoja na ngazi ya kazi. Tangu tarehe 22 Julai 2025, kibali cha mfanyakazi mwenye ujuzi kinataka kazi ya ngazi ya shahada na mshahara usiopungua pauni 41,700 kwa mwaka, au kiwango cha fani husika kama ni kikubwa zaidi. Wanaoanza kazi, wakiwemo walio chini ya miaka 26, wana viwango vya chini kidogo. Dizaina wa michoro na midia anuwai yumo kwenye namba ya kazi 2142. Tafuta namba ya fani yako kwenye jedwali la serikali kabla ya kuandika barua hata moja, kwa sababu kazi nyingi za ngazi ya kati ziliondolewa siku hiyo. Serikali pia hutoa faili la waajiri wote wenye leseni ya kuleta wageni. Ukilipekua, kumbuka kwamba jina la kibiashara na jina la usajili mara nyingi hutofautiana. Studio inayojulikana kwa jina fupi inaweza kuwa imesajiliwa kwa majina ya wenyewe, basi shuka chini kabisa ya tovuti yao uchukue jina kamili la kampuni. Wabunifu wa mavazi na wasanifu majengo ambao tayari wana tuzo, maonyesho au maandiko kuhusu kazi zao wana njia nyingine, viza ya vipaji kupitia Arts Council England (baraza la sanaa la huko), ambapo mavazi hutathminiwa na British Fashion Council na usanifu majengo na RIBA, taasisi ya wasanifu majengo ya Uingereza. Njia hiyo haihitaji mwajiri.

Ujerumani hupima alama, na kwa dizaina mwenye cheti huenda ndiko kwenye nafasi bora. Tangu tarehe 1 Juni 2024 kuna Chancenkarte, viza inayokuruhusu kwenda kutafuta kazi ukiwa hukohuko kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Masharti ya msingi ni shahada, au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka 2 yanayotambuliwa na nchi yalikotolewa, pamoja na Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2 (ngazi za lugha za Ulaya huanzia A1, ya chini kabisa, hadi C2). Baada ya hapo unahitaji alama 6. Chukua mfano wa dizaina wa miaka 27. Umri usiozidi 35 unampa alama 2. Uzoefu wa miaka 2 ndani ya 5 iliyopita unampa nyingine 2. Kijerumani cha A2 alama 1, Kiingereza cha C1 alama 1. Zimetimia 6. Kama angekuwa na Kijerumani cha B1 angepata 2 badala ya 1, na B2 ingempa 3.

Wengi hukwama kwenye uzoefu. Lazima uhusiane na cheti ulichonacho. Mtu mwenye shahada ya uhasibu aliyejifunza dizaini mwenyewe, na Dar wako wengi sana, hawezi kuhesabiwa miaka yake ya dizaini kwa shahada ile. Huyo ajenge alama zake kwenye lugha, au asome kwanza stashahada ya fani yenyewe. Kuhusu chuo chako, kitafute kwenye Anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya vyuo na shahada za nje. Alama ya H+ maana yake kinatambuliwa. Shahada yako isipoonekana humo, utaomba tathmini ya ZAB, ofisi ya Ujerumani inayotathmini shahada za nje, ambayo ada yake ni euro 208. Kuna pia sharti la fedha: kwa mwaka 2025 ilitakiwa kuonesha euro 1,091 kwa kila mwezi, yaani euro 13,092 kwa mwaka mzima, kwa mfano kwenye akaunti maalumu iliyozuiwa, ambayo hutoa sehemu tu ya fedha kila mwezi. Ukiwa kule unaruhusiwa kibarua cha hadi saa 20 kwa wiki, jambo linalopunguza makali. Kijerumani kinafundishwa na kutahiniwa hapahapa Upanga, Goethe-Institut.

Canada inamweka dizaina wa michoro kwenye namba 52120, daraja la 2, kwa hiyo anastahili kuingia kwenye Express Entry, mfumo unaowaweka waombaji kwenye kundi moja na kuwaita kwa awamu, akiwa na mwaka mmoja wa kazi mfululizo, sawa na saa 1,560. Kazi ya kujitegemea uliyoifanya ukiwa Dar huhesabiwa, lakini uwe na ankara, mikataba na barua za wateja. Kustahili siyo kuitwa, hata hivyo. Tangu 2023 Canada huita watu kwa makundi ya fani, na dizaini haimo. Kundi linaloweza kumsaidia dizaina ni la wanaojua Kifaransa. Mwenye subira ya kusoma Kifaransa kwa dhati ana njia. Asiyekuwa nayo asiweke matumaini yake yote Canada.

Falme za Kiarabu hazina alama wala mitihani ya lugha. Mwajiri anakutaka, anakuombea, anakulipia. Sheria yao ya kazi, Na. 33 ya mwaka 2021, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kwa Marekani, viza ya H-1B, ya wafanyakazi wenye ujuzi, ina nafasi 85,000 tu kwa mwaka kwa dunia nzima na huenda kwa bahati nasibu; dizaina asiye na jina kubwa asianzie huko.

Kisha kuna Nairobi na Kigali, ambako watu hupitia juu kwa juu wakitazama Ulaya. Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilianza tarehe 1 Julai 2010, na Kenya na Rwanda ziliondoa ada ya kibali cha kazi kwa raia wa Jumuiya. Nairobi kuna matawi ya kampuni za matangazo za kimataifa na ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri. Miaka 2 kwenye tawi la kampuni ambayo makao yake ni London au Paris inakupa sivii inayosomeka kokote, na wakati mwingine uhamisho wa ndani kwa ndani.

Potifolio

Hapa ndipo kazi hupatikana au hupotea, kwa hiyo tumia muda mwingi hapa kuliko popote.

Weka kazi 6 hadi 8, zisizidi. Anayepitia maombi hufungua ya kwanza na ya pili. Zisipomshika, ya tisa hataiona. Iliyo bora iwe ya kwanza, na ya pili kwa ubora iwe ya mwisho. Ondoa kadi za harusi, mabango ya misiba, fulana za vikundi na stika za bodaboda hata kama ndizo zilizokulisha, isipokuwa kama moja ina wazo la kipekee. Ondoa pia nembo za kampuni ambazo hazipo, zile za mazoezi. Mwajiri anataka kujua unafanyaje kazi na mteja anayebishana, bajeti isiyotosha na tarehe isiyosogea.

Kila kazi iwe na kurasa 2 hadi 4. Tuchukue kifungashio cha unga wa lishe cha mjasiriamali wa Mbagala. Ukurasa wa kwanza: picha moja kubwa ya mfuko wenyewe, na sentensi mbili chini yake zinazosema mteja ni nani, alikuwa na tatizo gani, na wewe ulifanya nini. Sema wazi sehemu yako. Kama picha alipiga mwingine na maneno aliandika mwingine, andika hivyo, maana kwenye usaili utaulizwa. Ukurasa wa pili: mchoro wa penseli, mapendekezo mawili yaliyokataliwa, na sababu. Mteja alitaka picha ya mtoto wa Kizungu, wewe ulipendekeza uji kwenye kikombe cha bati, mliafikiana vipi? Ukurasa wa tatu: mfuko uliokunjuliwa bapa, mistari ya kukata na kukunja ikionekana, na ziada ya milimita 3 nje ya mstari wa kukata. Ukurasa huo mmoja unamwambia mwajiri wa kifungashio kwamba faili zako zinaweza kwenda kiwandani. Wachapaji wengi wa Kariakoo humsaidia dizaina: wanapokea faili la rangi za skrini, wanalirekebisha wenyewe, wanaongeza pembeni. Ulaya faili kama hilo hurudishwa, wakati mwingine na ankara juu. Rangi ziwe CMYK (mfumo wa rangi za kuchapa), picha ziwe na dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) kwa ukubwa halisi wa kuchapwa, na fonti ziwe zimefungwa ndani ya faili.

Piga picha vitu halisi. Vile violezo vya bure vya kikombe cheupe na kadi juu ya marumaru kila mwajiri ameviona mara nyingi mno na anavitambua. Chukua mfuko wenyewe, uweke kwenye rafu ya duka lenyewe au karibu na dirisha asubuhi saa tatu, weka karatasi nyeupe upande wa pili irudishe mwanga, piga kwa simu. Picha ya bidhaa ikiwa dukani Tandale ina ushahidi ambao kiolezo hakina.

Usifute Kiswahili kwenye kazi zako. Bango lenye maneno ya Kiswahili liache lilivyo, halafu chini yake andika kwa Kiingereza maneno yanasema nini na kwa nini yalichaguliwa. Khanga bila maelezo ya jina lake, kwa mgeni, ni kitambaa chenye maua. Ukieleza kwamba mwenye kuivaa anapeleka ujumbe, umemwonesha unavyofikiri kuhusu maneno na picha kwa pamoja. Hicho ni kitu chako. Dizaina wa Berlin hana.

Kuhusu fonti, tafadhali soma hili mara mbili. Faili la PDF hutunza majina ya fonti zilizotumika. Mtu akifungua sifa za faili, anaona orodha nzima, na fonti nyingi za majaribio au za matumizi binafsi zimeandikwa hivyo kwenye jina lake. Studio inayolipia leseni zake ikiona fonti ya majaribio kwenye kazi ya mteja aliyelipa, inaona hatari ya kushtakiwa. Kabla ya kutuma, fungua orodha hiyo wewe mwenyewe. Badilisha kila fonti usiyo na haki nayo. Google Fonts ina familia nyingi nzuri zenye leseni huria, zinazotosha kabisa. Picha zilizotengenezwa kwa akili unde zitaje kuwa hivyo.

Tengeneza matoleo mawili: tovuti ndogo au ukurasa wa Behance (mtandao wa kuonesha potifolio), na PDF ya kulala, yaani pana kuliko urefu wake, yenye kurasa 15 hadi 20, isiyozidi MB 10, maana barua pepe za kampuni nyingi hukataa viambatisho vikubwa. Jina la faili liwe jina lako na fani yako, siyo "potifolio mpya ya mwisho 3". Dizaina wa programu za simu atoshelezwe na kazi 2 au 3 zilizoelezwa kwa kina. Wa michoro ya mwendo atengeneze video ya sekunde 60 hadi 90, iliyo bora ikiwa ndani ya sekunde 10 za mwanzo. Wa mavazi aoneshe na karatasi za vipimo na patani, kwa sababu picha ya mrembo jukwaani haisemi kama nguo inaweza kushonwa mara elfu. Wa mapambo ya ndani aweke ramani na mikato pamoja na picha za kompyuta.

Kazi za mteja omba ruhusa ya maandishi kabla ya kuzichapisha, hata ujumbe wa WhatsApp unatosha kama kumbukumbu. Kazi iliyo chini ya mkataba wa siri usiiweke, hata kwa kuficha jina. Mwajiri anayeona ukivujisha siri za mwingine anajua zake ndizo zinazofuata.

Sivii na barua

Sivii ya Kibongo ina dini, hali ya ndoa, mahali pa kuzaliwa na wadhamini watatu na namba zao. Vyote toa. Kwa Uingereza, Marekani na Canada toa na picha. Ujerumani picha bado ni kawaida ingawa si lazima. Kurasa 2 zinatosha. Usijipe nyota kwenye programu, nne kwa Photoshop na tatu kwa Figma. Hakuna anayejua nyota yako ina maana gani. Namba ya simu ianze na +255 bila sifuri. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio uleule.

Barua iwe na aya tatu fupi. Ya kwanza itaje kazi yao moja mahususi na ulichokiona ndani yake. Ya pili iunganishe kazi hiyo na moja ya kwako, na kiungo chake. Ya tatu iseme ukweli kuhusu kibali: uko Dar es Salaam, unahitaji kibali cha aina gani, na wao wamo kwenye orodha ya waajiri wanaoruhusiwa. Wengi huficha jambo hili wakidhani litawaharibia. Litajitokeza tu, na likijitokeza mwishoni linaudhi. Ukilisema mapema na kuonesha unajua utaratibu, unampunguzia mwajiri woga.

Pa kutafuta

LinkedIn na Behance kila mtu anazijua. Ongeza Dezeen Jobs kwa usanifu majengo na mapambo ya ndani, dasauge kwa Ujerumani, Bayt kwa nchi za Ghuba, EURES kwa Ulaya kwa ujumla, na ReliefWeb kwa kazi za mashirika, ambako mara kwa mara hutangazwa zabuni za kusanifu ripoti na mabango zinazoweza kufanywa hukuhuku Dar. Lakini matangazo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuchukua orodha za serikali za waajiri walioruhusiwa, kuzilinganisha na studio unazozipenda, na kubaki na majina kama 40. Fungua jedwali: jina la kampuni, mtu wa kuandikiwa, kazi yao uliyoipenda, tarehe uliyotuma, tarehe ya kukumbusha. Tuma barua 5 kwa wiki, kila moja ikiwa imeandikwa upya. Kumbusha mara moja baada ya siku 10 za kazi, kisha achana nao kwa miezi 6.

Njia ya uhakika zaidi kuliko zote ni kumfanyia mwajiri kazi ndogo kwa mbali kabla ya kuomba ajira. Kampuni inayokufahamu kwa ankara tatu zilizokamilika kwa wakati haikuoni tena kama mgeni. Kazi za Fiverr, soko la mtandaoni la kazi za kujitegemea, ni mazoezi mazuri ya kuwasiliana na wateja, ila ujue wanakata asilimia 20 ya kila malipo, na bei huwa za chini. Fungua akaunti ya kupokelea fedha, Payoneer kwa mfano, kabla ya kumaliza kazi ya kwanza, na uijaribu kwa kiasi kidogo hadi ifike benki yako ya hapa. Chukua TIN pale TRA, haina malipo, na kila ankara uitunze: ndiyo itakayothibitisha uzoefu wako ubalozini baadaye.

Usaili na jaribio

Saa zinawaponza watu. Usaili wa saa 10:00 asubuhi ya London (kwao, saa nne kwa Kiswahili) mwezi Januari ni saa saba mchana Dar. Mwezi Julai ni saa sita mchana. Saa 10:00 ya Dubai ni saa tatu asubuhi hapa mwaka mzima. Saa 10:00 ya Toronto mwezi Januari ni saa kumi na mbili jioni. Ulaya hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, na Amerika Kaskazini hubadili kwa tarehe tofauti. Mwaliko uingize kwenye kalenda ya simu yenyewe, usipige hesabu kichwani. Uwe na bando la mtandao wa pili, na kompyuta iliyojaa chaji, kwa kuwa umeme haujui una usaili.

Utaombwa kupitisha wasaili kwenye kazi mbili. Eleza uamuzi, siyo rangi: kwa nini ulichagua hivi na siyo vile, mteja alipinga nini, ungebadili nini sasa. Swali kuhusu ukosoaji lazima lije. Tumezoea kumwitikia mkubwa "sawa bosi" hata tusipokubali. Studio za Ulaya humtilia shaka dizaina asiyebisha kamwe. Fanya mazoezi ya kusema kwa adabu, "sikubaliani, kwa sababu hii."

Jaribio la saa 3 au 4 ni la haki. La siku tatu kwa bidhaa yao halisi, bila malipo, ni kazi. Omba ulipwe au upunguziwe. Vyovyote iwavyo, peleka picha bapa au PDF, faili lenye tabaka libaki kwako mpaka mkataba.

Mkataba na hesabu zake

Mshahara unaotajwa Ulaya ni wa kabla ya makato. Ujerumani, mtu asiye na mwenza hukatwa takriban theluthi moja au zaidi kwa kodi na bima. Amana ya nyumba kule inaweza kufika kodi ya miezi 3 kisheria. Uholanzi mwisho ni miezi 2. Uingereza utalipa ada ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, yote kwa mkupuo kabla ya kupewa. Miaka 3 ni pauni 3,105. Muulize mwajiri kwa maandishi kipi anakilipa: ada hiyo, viza, tiketi, makazi ya mwezi wa kwanza. Gharama ya hati ya udhamini, ile anayoitoa mwajiri ili uombe viza, kwa Uingereza hairuhusiwi kukutwisha wewe.

Nyaraka za hapa Dar

Anza nazo siku unayoanza potifolio, siyo siku unayopata kazi. Pasipoti ya kielektroniki huombwa kwenye mtandao wa Uhamiaji kwa jumla ya shilingi 150,000, ukiwa na namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa na uthibitisho wa uraia wa mzazi. Linganisha majina kwenye kila karatasi. Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Mohammed kwenye shahada, na jina la babu likiwa limeachwa NIDA: hapo una watu watatu machoni pa ofisa wa viza. Rekebisha kwa kiapo mbele ya wakili au kwa hati ya kubadili jina, na urekebishe mapema, kwa maana kila ofisi ina foleni yake.

Usilaminishe vyeti. Cheti kilichofunikwa plastiki hakiwezi kugongwa muhuri, na kwa kazi za Falme za Kiarabu shahada lazima ipite Wizara ya Mambo ya Nje, ubalozi wao, kisha wizara yao. Kama chako kimeshalaminishwa, kiulize chuo kuhusu nakala mpya sasa hivi. Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe na mtaalamu anayetambulika. BAKITA hutoa huduma hiyo. Hati ya tabia njema ya Polisi huchukuliwa kwa alama za vidole, na nchi nyingi huikubali kwa miezi michache tu, hivyo hiyo pekee ndiyo ya kusubiri hadi uwe na barua ya kazi. Viza ya Uingereza inayozidi miezi 6 inataka pia kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki waliyoiidhinisha. Majibu ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, hudumu miaka 2. Balozi za Ujerumani, Uingereza na Uholanzi zote ziko Umoja House, ila maombi huanzia mtandaoni. Kwenda getini bila miadi ni kupoteza nauli.

Matapeli

Wakala wa ajira za nje anatakiwa kuwa na leseni ya Kamishna wa Kazi. Omba namba yake, kisha uliza TaESA, huduma ya ajira ya serikali, kama ni hai. Barua ya kazi iliyokuja bila usaili, bila kuulizwa potifolio, ni ya uongo. Hakuna studio inayomwajiri dizaina bila kuona kazi zake. Anayekuomba pasipoti yako "aitunze" usimpe. Anayekuambia uende Dubai kwa viza ya matembezi mtabadilisha mkifika, anakupeleka kwenye kazi haramu. Na tangazo la dizaina au mtu wa mitandao Bangkok, mshahara mnono, tiketi ya bure, liepuke kabisa: vijana wa Afrika Mashariki wamechukuliwa kwa njia hiyo, wakavushwa mpaka hadi Myanmar, na kufungiwa kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni.

Thibitisha kila barua ya kazi kwa kutafuta wewe mwenyewe namba ya kampuni kwenye tovuti yao na kupiga simu mapokezi, usitumie namba iliyo kwenye barua. Usiache kazi ya hapa wala usikate tiketi kabla viza haijatoka. Nakala za mkataba, pasipoti, viza na anwani ya mwajiri ziache kwa mtu wa nyumbani anayejua kusoma Kiingereza, na mkubaliane siku ya kwanza utakayopiga simu.